Msimu Nilioondolewa Kusoma Matokeo

Ekipe yetu ya basiketi ilifungwa mechi yake ya kwanza Jumamosi jioni, na Jumapili asubuhi mama anayeniuzia ndagala, dagaa wa ziwa letu, alinipimia bakuli mpaka katikati, akaacha.

"Mama, mbona leo umeacha katikati?"

"Na wewe jana uliacha katikati," akanijibu bila kunitazama. "Ulisema tunaongoza, tunaongoza, tunaongoza. Nikaenda kufungia kuku. Kurudi, nakuta tumefungwa."

Wakati huo nilikuwa msomaji wa habari za michezo katika radio moja ndogo hapa Kalemie. Studio ilikuwa vyumba viwili juu ya kilima, na dirisha lake lilitazama bandari. Mtu akilisahau wazi, boti ikapiga honi, wasikilizaji wote waliisikia katikati ya habari. Niliipenda kazi ile. Shuleni nilicheza basiketi, vibaya, lakini niliijua. Nisipoweza kuurusha mpira ukaingia, angalau niliweza kueleza kwa nini haukuingia.

Msimu ule ulikuwa na jambo jipya. Miaka yote wachezaji wetu walikuwa makarani wa bandari, walimu na fundi mmoja wa reli, waliofanya mazoezi wakitoka kazini, wengine bado wamevaa suruali za kazi. Mwaka uliotangulia walimaliza wa mwisho katika shampiona, na hakuna aliyewachukia kwa hilo. Sasa wafanyabiashara wa mjini walijikusanya wakaamua tuwe na ekipe ya kweli, ya wachezaji wanaolipwa mshahara. Wakaja vijana wawili kutoka Lubumbashi, na mrefu mmoja kutoka Bukavu aliyeshuka kwenye boti amekunja uso, akaapa kwamba hatapanda tena chombo cha maji maisha yake yote. Watu walimpenda tangu siku ile. Mji mzima ukaanza kusema "waprofesionele wetu." Na mtu ukishamwita profesionele, hana tena ruhusa ya kufungwa.

Mechi ya pili walikwenda Manono. Gari lilikwama kwenye matope karibu na Kiambi, wakalisukuma wenyewe, wakafika uwanjani wakati wenzao wamekwisha kupasha misuli. Katibu wa ekipe alinipigia simu akiwa amesimama juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akanitajia pointi za kila robo. Tulifungwa vibaya.

Mimi nilikuwa na mtindo wangu. Sikuwa mtu wa kutaja matokeo mwanzoni. Nilianza na jua lilivyokuwa, nikaja kwenye robo ya kwanza, nikapandisha sauti, nikaishusha, nikamsifu huyu, nikamhurumia yule, na mwisho kabisa ndipo nilipofunua chungu. Nilijiona fundi. Sikujua kwamba nyumba kwa nyumba watu walikuwa wanakaa mbele ya radio wameshika vichwa, wakiniomba niseme, niseme tu, yaishe.

Mechi ya tatu ilichezwa hapa nyumbani, na wageni kutoka Lubumbashi wakatushinda katika dakika za nyongeza. Jumatatu yake wazee watatu walipanda kilima mpaka kwenye radio, mashati yamepigwa pasi, kofia mkononi. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja aliyestaafu reli, dereva wa treni wa miaka mingi. Kila mechi alikuja uwanjani na kiti chake mwenyewe, akakiweka palepale, na hakuna aliyethubutu kukaa mbele yake. Nilikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, nikasikia kila neno.

"Direktere, hatukuja kugombana," alisema mzee. "Huyu mutoto anasoma vizuri. Kifaransa iko, Kiswahili iko. Lakini mudomo yake haina bahati."

"Papa, mudomo haichezi basiketi," direktere akajibu.

"Najua. Mimi si mujinga, nimeendesha treni. Lakini hata treni, kama kuna muntu kila akipanda inaharibika, mwisho unamwambia ndugu yangu, ungojee ile ya kesho."

Direktere wetu alikuwa mtu anayependa amani kuliko chakula. Aliwamiminia wazee chai, akawasindikiza mpaka kwenye ngazi, kisha akaja kuniambia kwamba kwa muda, kwa muda tu, tutabadilishana kazi. Mimi nisome matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea. Na msichana aliyekuwa anasoma matangazo hayo asome basiketi.

Msichana huyo alikuwa binti wa mwisho wa mzee yuleyule dereva wa treni.

Nilimkuta mezani anapanga karatasi zake. Nikamwambia, "Kumbe ilikuwa mpango wa familia."

"Mpango gani?" akasema, na nikaona kwamba haya ilikuwa imempanda mpaka masikioni. "Baba yangu hakuniuliza kitu. Mimi sijui hata wanacheza watu wangapi."

"Watano."

"Kila upande, ao wote pamoja?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi kidogo, ili nisijibu neno ambalo ningejutia.

Jumamosi iliyofuata ekipe ya Uvira ilikuja kwetu, na tukashinda. Jioni nilikaa nyumbani kwa mama yangu, mikono kifuani, kusikia jinsi yule binti atakavyoharibu. Akafungua mikro, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kutangaza jambo, alilitangaza kama alivyozoea, polepole, kwa sauti ya heshima:

"Tuna furaha kuwajulisha wazazi, ndugu, jamaa na marafiki, walio hapa Kalemie, walio Niemba, walio Kiambi, walio Piana-Mwanga na popote habari hii itakapowafikia, ya kwamba ekipe yetu imeshinda. Pointi sabini na moja kwa sitini na nne. Anayesikia amwambie mwenzake."

Kisha akanyamaza kidogo, kama inavyompasa mtu kumnyamazia marehemu.

Mama yangu alipiga makofi jikoni. Nyumba ya jirani walipiga kelele. Nilitaka kucheka kwa dharau, lakini nilijikuta nacheka kwa furaha, na hilo liliniudhi zaidi. Kesho yake wanawake kwenye bomba la maji walikuwa wanaambiana: "Anayesikia amwambie mwenzake!" Hakuna aliyekumbuka robo ya kwanza wala ya tatu. Walikumbuka kwamba wameshinda, na kwamba hata wa Piana-Mwanga wamepewa habari.

Upande wangu mambo hayakuwa hivyo. Juma lilelile nilitangaza kifo cha bibi mmoja wa mtaa wa Kataki. Nilianza na umri wake, nikaenda kwenye ujana wake, ndoa yake, safari zake za Kigoma, nikapandisha sauti, nikaishusha. Asubuhi wajukuu zake wawili walikuja radioni.

"Ulimusoma bibi yetu kama alifunga panye ya basiketi," mkubwa aliniambia. Mdogo wake alikuwa amejifunika kitambaa usoni, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, maskini, katikati ya msiba wake, na kila alipojaribu kujizuia mabega yalimtikisika.

Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Walipoondoka, yule binti alivuta kiti akakaa mbele yangu. Nilingoja anicheke. Badala yake alichukua karatasi ya tangazo la siku hiyo akaiweka katikati yetu.

"Muntu wa kilio hangojei mwisho," alisema. "Umwambie kwanza nani amekufa. Halafu umpe nafasi ya kukaa chini. Halafu njo useme mazishi ni wapi. Na majina usiyakimbilie. Kuna muntu mahali anangoja kusikia jina lake limetajwa vizuri."

Nikasoma. Akanikatiza. Nikasoma tena. Mara ya nne akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa, na nikafurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha shule.

"Na wewe," nikamwambia, "kesho twende kiwanjani nikuonyeshe unachokisoma."

Kiwanja chetu ni cha saruji, kiko chini karibu na ziwa, na upepo wa alasiri hupindisha mpira hewani. Tulikaa kwenye ukuta mfupi, wachezaji wakifanya mazoezi. Hakuacha kuuliza.

"Kwa nini yule anapigapiga mpira chini kila saa? Hawezi kuubeba tu?"

"Akiubeba akatembea nao ni kosa."

"Na ile panye moja njo pointi mbili, ingine njo pointi tatu?"

"Ukirusha kutoka nyuma ya ule mstari unapata tatu."

"Sasa mbona wote hawarushi toka nyuma ya mustari?"

Mrefu wa Bukavu alikuwa amesikia. Akarusha kutoka nyuma ya mstari. Mpira ukapita juu ya ubao, ukaruka ukuta, ukateremka mchanga mpaka majini, na yeye akasimama ukingoni, mikono kiunoni, akingoja mwingine aende kuuchukua.

"Aa," alisema yule binti. "Nimeelewa."

Tulirudi kiwanjani juma lililofuata, na lililofuata hilo. Ekipe nayo ilianza kushinda. Tuliwapiga Kongolo hapa nyumbani. Tulikwenda Moba, tukashinda. Kabalo walituongoza mpaka robo ya mwisho, halafu mmoja wa wale vijana wa Lubumbashi akaamka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, akafunga kila alichorusha. Binti yule aliyasoma matokeo yote kwa namna yake ileile, ila sasa aliongeza neno moja au mawili aliyoyaona kwa macho yake. Siku moja alisema, "Mchezaji wetu wa namba nne leo hakufunga sana, lakini aliwapa wenzake chakula." Mji mzima ulielewa. Mimi katika miaka yangu yote ya robo ya kwanza na robo ya pili sikuwahi kusema jambo zuri namna hiyo.

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya mto Lukuga. Yangu ilikuwa huku. Lakini msimu ulipofika katikati nikaanza kuwa na shughuli nyingi ng'ambo ya Lukuga. Tulivuka daraja pamoja kila jioni tukitoka kazini, na upande wa pili nilikumbuka kwamba fundi wa viatu niliyesema namwendea ana kilio na hayupo kazini, au kwamba rafiki niliyetaka kumwona amesafiri. Naye hakuniuliza kitu. Siku moja tu alisema, "Huyu fundi wako, ndugu zake wanakufa sana." Nikajifanya natazama maji. Akacheka mpaka akashika ukuta wa daraja.

Kisha tukafungwa hukohuko Kongolo, kwa pointi moja. Katibu alipiga simu saa ya habari inakaribia. Nilimpelekea binti karatasi. Aliisoma, akaiweka chini.

"Sisomi," alisema. "Baba yuko amekaa mbele ya radio na marafiki zake. Mama amepika. Soma wewe."

"Nikisoma mimi, watasema ni mimi niliyefungisha ekipe."

"Basi tusome wawili."

Direktere alikuwa mlangoni. Akatutazama, akatazama saa, akaondoka, na kwake hiyo ilikuwa ni ruhusa. Tulikaa kwenye mikro moja, mabega yamegusana. Yeye alianza: anasikitika kuwajulisha wazazi, ndugu, jamaa na marafiki kwamba tumefungwa, kwa pointi moja. Akanyamaza. Halafu mimi nikaeleza jinsi ilivyokuwa, bila kupandisha sauti: kwamba mpira wa mwisho wa mrefu wetu ulizunguka juu ya chuma cha kikapu, ukakaa pale kama unafikiri, ukatoka. Kwamba wachezaji wa Kongolo wenyewe walikuja kumshika mkono.

Asubuhi mzee alipanda kilima, safari hii peke yake. Nilimwona dirishani nikatamani kuingia chini ya meza. Alivuta kiti, akakaa, akapumua.

"Jana tulifungwa," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Lakini tulifungwa vizuri. Niliona ule mupira ukitoka. Nilikuwa nyumbani, lakini niliona." Alinitazama muda mrefu. "Wewe ni mutoto ya nani?"

Nikamwambia. Baba yangu alitoka Manono, akafanya kazi ya ofisi hapa hadi alipofariki. Mama yangu ni wa zile familia za Waislamu wa ziwani ambazo babu zao walikuja na biashara.

"Sisi ni Wakatoliki," alisema mzee.

"Najua, Papa."

"Hiyo tutaiongea." Akaweka kofia kichwani. "Na ule fundi wa viatu, umwambie pole. Nimesikia ana vilio vingi."

Alishuka kilima polepole. Mimi nilibaki nimesimama na kalamu mkononi, na binti yake alikuwa chumba cha pili amejifanya anatafuta kitu kabatini.

Mechi ya mwisho ilikuwa hapa nyumbani, dhidi ya Manono. Ili tuwe mabingwa ilitupasa kushinda, na ekipe ya Lubumbashi ifungwe kwao siku hiyohiyo. Radio ilitandika waya mpaka kiwanjani, ikaweka spika kubwa juu ya ukuta, na direktere akaamua tutangaze wote wawili. Watu walijaa mpaka mchangani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake na koti lake la reli, lililoshonwa upya viwiko.

Manono walicheza kama watu waliokuja kukusanya kodi. Mara waliongoza wao, mara sisi. Katika dakika ya mwisho pointi zilikuwa sawa, na mrefu wetu wa Bukavu akachezewa faulo. Akapewa mipira miwili ya kurusha bila kuzuiwa. Wa kwanza alikosa. Niliona mwenzangu amefumba macho kwenye mikro, ikabidi niseme mimi. "Amekosa," nikasema, na watu wakalalamika kana kwamba hawakuona. Wa pili ukaingia bila kugusa chuma. Manono walirusha mpira wao wa mwisho, upepo wa ziwa ukauchukua, na firimbi ikalia.

Sijui niseme nini kuhusu kelele zile. Mama mmoja muuza ndizi alimwinua askari. Wachezaji waliangukiana katikati ya kiwanja. Na mimi, katikati ya vurugu ile, simu yangu ikatetemeka mfukoni. Mwenzetu wa radio moja ya Lubumbashi alikuwa anapiga. Alisema maneno machache tu. Kwao walikuwa wameshinda, na hata haikuwa mechi ya wasiwasi.

Nilipokata simu, binti alinitazama usoni akajua. Akanisogezea mikro.

"Wewe," alisema.

"Watasema tena mudomo yangu."

"Waseme. Uwaambie kwanza. Halafu wakae chini."

Nikafungua mikro. "Ndugu zangu," nikasema, "shampiona imekwenda Lubumbashi. Sisi ni wa pili." Na nikanyamaza.

Uwanja wote ulinyamaza nami. Mtu alishusha ngoma mchangani. Nilisikia maji ya ziwa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye mechi. Kisha mzee akasimama kutoka kwenye kiti chake.

"Wa pili katika wote?" aliuliza kwa sauti.

"Katika wote, Papa."

"Na mwaka jana tulikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, Papa."

Aligeuka akawatazama watu, mmoja mmoja, kama abiria waliokataa kushuka kwenye kituo chao.

"Sasa munanyamazia nini?"

Ngoma ikarudi juu. Walimbeba antrenere, mwalimu wa ekipe, wakambeba katibu, na walipotaka kumbeba mrefu wa Bukavu wamtumbukize ziwani alikimbia, na nawaambia kweli, msimu mzima hakuwahi kukimbia namna ile. Mzee alicheza dansi na mkewe karibu na kiti, koti la reli likipepea. Mimi na binti yake tulikuwa bado hewani, na tulisahau kusema chochote. Wasikilizaji wa Niemba na Kiambi walipata kelele tu kwa muda mrefu, na baadaye walituambia kwamba ilitosha.

Mazungumzo ya kanisa na msikiti yalichukua miezi. Mama yangu alikwenda kumwona mama yake, mama yake akaja kumwona mama yangu, na kila mara aliyekwenda alirudi na chakula cha mwenzake. Mwishowe wajomba zangu walinisindikiza kuposa ng'ambo ya Lukuga siku ya Jumapili, tukakaa sebuleni kwa mzee, na mjomba mkubwa akaanza hotuba aliyoiandaa tangu Ijumaa. Alikuwa amefika mahali pa ndege anayetafuta tawi la kujengea kiota, mzee alipoinua mkono.

"Samahani, shemeji. Ni saa ya michezo."

Akaongeza sauti ya radio. Mimi nilikuwa hapo, mwenzangu alikuwa jikoni na mama yake, kwa hiyo siku ile direktere alisoma mwenyewe. Alisoma matokeo ya mashindano ya basiketi ya vijana. Alisema timu moja imeshinda kwa mabao arobaini na nane, kisha akasema kipa alijitahidi.

"Basiketi iko na kipa?" aliuliza mjomba, ambaye ni mtu wa boti na hajawahi kukaa kiwanjani.

Mzee alifumba macho kwa maumivu. Kisha akaanza kumweleza. Jikoni vicheko vilikuwa vimeanza. Wakati bukari, ugali wetu, na samaki wa mikebuka vinaletwa, mzee alikuwa amesimama katikati ya sebule akionyesha kwa kofia yake mahali mstari wa pointi tatu unapopita, na mjomba alikuwa anauliza kwa nini wote wasirushe kutoka huko.

Tulikula. Tulinawa. Ni mjomba mdogo aliyekumbuka.

"Papa," alisema, "tulikuwa tumefika wapi?"

"Tulikuwa tumefika kwenye siku ya ndoa," mzee akajibu, akitafuta kofia yake. "Muchague siku yenye haina mechi."